Jina la Mbinu ni Nusu ya Jibu

Swali linasema: "Tambua na ueleze mbinu ya lugha iliyotumika (alama 2)." Mwanafunzi anaandika "Tashbihi", anaweka nukta, anahamia swali linalofuata. Amepata alama moja. Ile ya pili ilikuwa inangoja maneno kumi tu: ni kitu gani kimelinganishwa na kitu gani, na ulinganisho huo unamfanya msomaji aone nini. Kila muhula alama hiyo ya pili hupotea, na anayeipoteza mara nyingi ni mwanafunzi aliyekariri istilahi zote kutoka mwanzo hadi mwisho wa daftari.

Kukariri si kosa. Kosa ni kuzichukua istilahi kama chapa za kubandika juu ya maandishi badala ya majina ya kazi ambazo maneno yanafanya. Anayejua kazi akisahau jina hukaribia jibu. Anayejua jina bila kazi hubaki pale alipoanzia.

Tutumie kifungu kifupi ili tusizungumze hewani. Kisome mara moja, bila kalamu:

"Tangu soko jipya lifunguliwe, Mama Rehema hakuwahi kuingia ndani. Alitandika gunia lake nje ya lango, akapanga nyanya zake mafungu mafungu, akakaa. Askari wa manispaa walimpita mara tatu. Mara ya nne walisimama. 'Mama, ndani kuna meza nzuri, kuna paa, kuna maji,' mmoja wao alisema. Mama Rehema alicheka kidogo. 'Na kodi ya meza ni shilingi ngapi, mwanangu?' Askari aliangalia viatu vyake. Jua lilikuwa limeshapanda, na nyanya za juu zilianza kusinyaa kama mashavu ya wazee. Alasiri mvua ilimwagika. Wachuuzi wa nje walikimbilia ndani. Lango lilikuwa limefungwa."

Nimesema bila kalamu kwa makusudi. Wako wanaofundisha kwamba maswali yasomwe kwanza, kisha kifungu. Mimi sikubaliani nao. Ukianza na maswali unaingia kifunguni kama anayetafuta ufunguo uliopotea: unaona ufunguo tu, nyumba huioni. Unalikamata neno "kodi" kwa sababu limo swalini, halafu lango lililofungwa mwishoni linakupita. Soma kifungu chote kwanza upate nani, wapi na kumetokea nini. Kisha soma maswali. Kisha rudi kifunguni na kalamu, upige mstari pale jibu linapokaa, na uandike nambari ya swali pembeni.

Muda upo. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, karatasi ya pili ya Kiswahili ina alama 80 kwa saa mbili na nusu: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii, yaani lugha inavyotumika katika jamii, 10. Ukigawa dakika 150 kwa alama 80, ufahamu unastahili dakika kama 28. Kifungu cha ukurasa mmoja husomeka mara mbili kwa dakika kumi, na zinazobaki zinatosha kuandika majibu yote bila kukimbizana.

Sasa maswali. La kwanza: "Kwa nini Mama Rehema hakufanyia biashara yake ndani ya soko?" Kifungu hakisemi popote "kwa sababu kodi ilikuwa ghali". Jibu lazima ulitoe kwenye swali lake kwa askari. Hapa wanafunzi hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Mmoja ananakili sentensi nzima ya kwanza, ambayo inasema tu kwamba hakuingia. Mwingine anaandika "kwa sababu alikuwa mkaidi" au "kwa sababu serikali inawanyanyasa wachuuzi". Huyo wa pili amejibu kutokana na mambo anayoyaona mtaani kwao. Huenda mtaani ndivyo yalivyo, lakini swali linauliza kilichomo kifunguni. Jibu linalosimama ni hili: hakumudu, au hakuwa tayari kulipa, kodi ya meza, kama swali lake kwa askari linavyodokeza. Neno "linavyodokeza" lina uzito. Linamwambia mtahini kwamba unajua jambo hili halikutamkwa wazi, na kwamba unajua ulikolitoa.

La pili: "Kitendo cha askari kuangalia viatu vyake kinaonyesha nini?" Kabla ya kujibu, uliza viatu ni vya nani. "Vyake" hurejelea nafsi yoyote moja iliyotajwa, na hapa wapo wawili. Sentensi ina mtenda mmoja tu, askari, kwa hiyo viatu ni vya askari mwenyewe. Aliinamisha macho. Ameishiwa na jibu, au ameona haya mbele ya mama mtu mzima aliyemwita mwanangu. Mwanafunzi aliyedhani viatu ni vya Mama Rehema ataandika kwamba askari alimdharau kwa kuvaa viatu vibovu, na jibu lake litakuwa refu, safi na la uongo. Viwakilishi na vimilikishi vidogo kama "yake", "wao", "huyo" na "hilo" ndivyo vinavyopotosha ufahamu kuliko msamiati mgumu. Kila ukikutana na kimojawapo, chora mshale wa kalamu hadi kwenye nomino yake.

La tatu: "Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumiwa kifunguni: mafungu, kusinyaa." Maneno matatu ya swali, "kama yalivyotumiwa kifunguni", ndiyo swali lenyewe. Fungu ni sehemu ya kitu kilichogawanywa, pia ni mchanga ulioinuka baharini, na sokoni ni vitu vichache vilivyowekwa pamoja ili viuzwe kwa bei moja. Maana hiyo ya mwisho ndiyo inayotakiwa. Njia ya kujikagua ni kuchukua jibu lako na kulitia kwenye sentensi mahali pa neno la asili. "Nyanya zilianza kunywea" inakaa. "Nyanya zilianza mikunjo" haikai, kwa sababu umejibu kitenzi kwa nomino. Kitenzi kijibiwe kwa kitenzi, nomino kwa nomino, umoja kwa umoja, wingi kwa wingi.

Jambo moja kuhusu idadi. Ukiambiwa "taja mambo mawili", taja mawili. Kuandika matano ukitumaini kwamba mawili kati yake yatakuwa sahihi hakukusaidii, kwani kwa kawaida mtahini hupima yale mawili ya kwanza. Na "taja" si "eleza". "Taja" hutosheka na jina au kirai. "Eleza" hudai sentensi kamili yenye sababu au namna. "Thibitisha" hudai ushahidi kutoka kwenye maandishi. "Jadili" hudai hoja kadhaa, kila moja na mfano wake.

Mbinu zilizomo, na zile zinazodhaniwa zimo

Tuanze na iliyo rahisi. "Kusinyaa kama mashavu ya wazee" ni tashbihi kwa sababu kuna kiunganishi cha kulinganisha, yaani kama. Vingine ni mithili ya, sawa na, mfano wa. Lakini "kama" peke yake haitoshi. "Kama mvua ingenyesha, angeondoka" ni sharti, halina tashbihi yoyote ndani yake. Jibu kamili lingekuwa hivi: ni tashbihi, nyanya zinalinganishwa na mashavu ya wazee ili msomaji aone zinavyokunjamana kwa jua na thamani yake inavyopungua kadiri saa zinavyosonga. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayotofautisha jibu la alama moja na la mbili.

Ukiondoa kiunganishi na kusema kitu ni kitu kingine moja kwa moja, umeingia kwenye sitiari: "nyanya zile zilikuwa mashavu ya wazee". Wengine huandika istiari. Ni ileile.

"Kuna meza nzuri, kuna paa, kuna maji" ni takriri. Neno "kuna" limerudiwa mara tatu, na athari yake ni kumfanya askari asikike kama tangazo: anarundika mazuri juu ya mazuri bila kutaja gharama. Ndiyo maana swali la Mama Rehema linamchoma. Sasa angalia "mafungu mafungu". Hapo pia neno limerudiwa, na wanafunzi wengi wangeandika takriri. Ninaona ni kosa. Urudiaji huo ni wa kisarufi. Kiswahili hurudia nomino ili kuonyesha mgawanyo, kama tunavyosema "walikuja makundi makundi". Mwandishi hakuuchagua kwa ajili ya mkazo, ndivyo lugha inavyosemwa. Jiulize: nikiondoa neno moja, je, mkazo ndio unaopungua au maana ndiyo inayobadilika? Maana ikibadilika, usiiite takriri.

"Na kodi ya meza ni shilingi ngapi, mwanangu?" Wengi watasema ni swali la balagha. Swali la balagha halingoji jibu. Linaulizwa ili kumfikirisha msikilizaji au kusisitiza jambo. Kuna pia tashtiti, ambayo ni kuuliza jambo ambalo muulizaji analijua tayari. Hapa kicheko chake kidogo kinaonyesha kwamba kodi anaijua. Anayeandika balagha anaweza kujitetea, anayeandika tashtiti vilevile, mradi kila mmoja aeleze. Vitabu havikubaliani katika kila mpaka wa istilahi, kwa hiyo maelezo ndiyo kinga yako. Andika jina, kisha andika: anauliza huku akijua jibu, ili askari mwenyewe aone kwa nini meza nzuri hazimfai.

Kinaya na kejeli huchanganywa kila mahali. Kejeli ni maneno ya kudhihaki, na lazima awepo anayedhihaki. Kinaya ni hali: kinachotokea ni kinyume cha kinachotarajiwa, na wahusika huenda hata wasiseme neno. Soko limesifiwa kwa paa lake, lakini mvua ilipomwagika ndipo lango lilipofungwa. Hicho ni kinaya. Kuandika "kejeli" hapo kunakulazimu umtaje anayemdhihaki mwenzake, nawe hutampata.

Lango lenyewe ni nini? Ni lango kwanza, la chuma au la mbao. Lakini limetajwa mwanzoni kama mahali pa kuishia Mama Rehema, na limerudi mwishoni likiwa limefungwa. Kitu kinachorudi namna hiyo huanza kubeba maana pana kuliko umbo lake, na hapo tunaweza kusema ni ishara, au taashira: linawakilisha mpaka kati ya mpango wa wakubwa na maisha ya mchuuzi. Sitiari hukaa ndani ya sentensi moja. Ishara huhitaji hadithi nzima ili ikue. Ukikiona kitu mara moja tu, usikimbilie kukiita ishara.

Na majazi? Majazi ni mhusika kupewa jina linaloafiki tabia au hali yake. Mwanafunzi akiona "Rehema" huandika majazi papo hapo. Lakini kifungu hakina tendo la huruma alilofanya mama huyu. Zaidi ya hayo, kwa desturi yetu Mama Rehema ni mama yake Rehema, kwa hiyo jina huenda ni la bintiye. Majazi bila tendo la kuthibitisha ni kubahatisha.

Sentensi ya "Mara ya nne walisimama" haina tamathali yoyote, lakini ina kazi kubwa. Ni fupi, inakuja baada ya kupitwa mara tatu, na msomaji anashika pumzi: watampokonya nyanya? Hiyo ni taharuki. Ninaitaja kwa sababu wanafunzi hutafuta mbinu kwenye maneno yenye mapambo pekee, wakasahau kwamba urefu wa sentensi, mpangilio wa matukio na kile kilichoachwa bila kusemwa ni chaguo la mwandishi pia.

Kuhusu wahusika, tenga sifa na hali. Umaskini ni hali. Ujasiri, busara na uvumilivu ni sifa. "Mama Rehema ni jasiri: anamuuliza askari swali linalomfanya ainamishe macho." Sifa, koloni, tendo. Muundo huo hauna urembo, lakini haumwachi mtahini akitafuta.

Maudhui, dhamira, fani

Neno moja, dhamira, linaweza kukupoteza ukihama kitabu. Katika madarasa ya Tanzania kazi ya fasihi hugawanywa mara mbili, fani na maudhui. Fani ni muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Maudhui ni mwavuli, na chini yake kuna dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa ya mwandishi. Huko dhamira ni wazo kuu linalojitokeza, mfano ugumu wa maisha, na kazi moja huwa na dhamira kuu na dhamira ndogondogo. Nchini Kenya utakuta dhamira ikielezwa kama lengo au kusudi la mwandishi, na maudhui kama mambo yanayozungumziwa. Kwa kifungu chetu, Mkenya angeandika kwamba maudhui ni ukosefu wa usawa wa kiuchumi, na dhamira ni kuonyesha kwamba maendeleo yasiyomjali mnyonge humwacha nje. Kabla ya kujibu, jua mtaala wako unalitumiaje neno, kisha usichanganye.

Ufupisho una kanuni moja inayovunjwa mno: watu hupunguza maneno badala ya kupanga hoja. Tafuta hoja kwanza, moja kwa kila sentensi muhimu, ndipo uunde sentensi zako. Chukua hii: "Ukataji wa mikoko, hasa kwa ajili ya mbao, kuni na nguzo za kujengea, umesababisha fukwe nyingi kumomonyoka na samaki wachanga kukosa mahali pa kukulia." Ni maneno 24. Hoja zake ni mbili, zote ni matokeo: "Kukata mikoko kumemomonyoa fukwe na kuwanyima samaki wachanga makazi." Maneno 9. Mifano ya mbao na kuni imeondoka, isipokuwa swali liwe limeuliza sababu za kukata. Hesabu maneno kwenye nakala chafu, si kwenye nakala safi, na usiweke nambari wala vitone: ufupisho ni aya inayotiririka, na utiririko una alama yake.

Dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kutoka kitabuni, lina umbo lake katika karatasi ya fasihi. "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)" maana yake ni mambo manne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini, au baada ya tukio gani. Linaloachwa mara nyingi ni la mwisho. "Mama Rehema anamwambia askari nje ya lango la soko" ni alama tatu. Ongeza "baada ya askari kumshawishi ahamie ndani".

Ushairi unawatisha watu bure

Umbo la shairi ni kuhesabu tu, na kuhesabu hakuna ubishi. Chukua ubeti huu:

Mvua imechelewa, mito haina mawimbi,
Mbegu ghalani zaliwa, na panya walio tumbi,
Ahadi tulizopewa, zimepeperuka vumbi,
Ewe wingu, shuka sasa, tumekauka ulimi.

Mishororo, yaani mistari, ni minne, kwa hiyo ni tarbia. Vipande viwili kwa kila mshororo, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili), kwa hiyo pia ni mathnawi. Majina yote mawili ni sahihi kwa sababu moja linahesabu mishororo na jingine linahesabu vipande. Mizani, yaani idadi ya silabi, ni 8 na 8. Hapa uangalifu unahitajika: "mvua" ni mizani tatu, m-vu-a, kwa sababu m inasimama peke yake, lakini "mbegu" ni mbili, mbe-gu, kwa kuwa mb inatamkwa pamoja. "Mtu" ni mbili, "nchi" ni mbili, "ng'ombe" ni mbili. Vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, ni -wa ukwapini na -mbi utaoni katika mishororo mitatu ya mwanzo. Mshororo wa nne umebadilika, -sa na -mi. Mshororo huo ukirudiwa katika kila ubeti ungekuwa kibwagizo au kiitikio. Usiporudiwa ni kimalizio. Kwa ubeti mmoja pekee huwezi kujua, na usijifanye unajua.

Anayesema katika shairi ni nafsineni, hata kama mshairi ametumia "tu". Usiandike "mshairi ana njaa". Andika "nafsineni inalalamika kwa niaba ya wakulima". Kulisemesha wingu kana kwamba linasikia ni tashihisi, na baadhi ya walimu wataliita ritifaa. Eleza kazi yake: kuonyesha kwamba wakulima wamekata tamaa na wanadamu, sasa wanaligeukia wingu. "Zimepeperuka vumbi" ni sitiari, kwani hakuna "kama".

Uhuru wa mshairi huulizwa karibu kila mara, na jibu lake lina sehemu tatu: aina, mfano, sababu. Inkisari ni kufupisha neno, kama "alokuja" badala ya "aliyekuja", ili mizani tano ziwe nne. Mazda ni kurefusha, kama "enenda" badala ya "enda". Kuboronga sarufi ni kupindua mpangilio, na mfano umo kwenye mshororo wetu wa pili: kwa kawaida tungesema "mbegu zaliwa ghalani", lakini "zaliwa" imesukumwa mwisho ili kupata kina cha -wa. Usipotaja sababu, urari wa vina au wa mizani, jibu lako halijaisha.

Mshororo huohuo una mtego mwingine, nao hujitokeza swali linapotaka ubeti uandikwe kwa lugha ya nathari, yaani lugha ya kawaida isiyo ya kishairi. Mwanafunzi husoma ukwapi, akafika "mbegu ghalani zaliwa", akaandika kwamba mbegu zinazaliwa, yaani zinachipua, ghalani. Hakuvuka koma. Utao unasema "na panya walio tumbi", panya tele, na hapo "zaliwa" haiwezi kutokana na kuzaa. Inatokana na kula: mbegu zinaliwa. Nathari yake ni hii: "Mvua imechelewa kunyesha na mito imepungua maji. Mbegu zilizohifadhiwa ghalani zinaliwa na panya wengi. Ahadi tulizopewa hazikutimizwa. Tunaliomba wingu litunyeshee sasa kwa sababu tuna kiu kali." Hakuna vina vilivyosalia, hakuna "ewe", mpangilio wa maneno ni wa kawaida, na panya wako mahali pao.